Foleni ya siku 42

Mwaka 1999 nilikuwa mlinzi wa maegesho ya magari nyuma ya Hollywood Boulevard, Los Angeles. Kibanda changu kilitosha kiti kimoja, redio na sanduku la pesa. Nikitoka nje na kunyoosha shingo niliona ncha ya paa la Mann's Chinese, lile jumba la sinema lenye ua wa saruji ambamo waigizaji wakubwa wameacha nyayo na viganja vyao tangu miaka ya 1920. Mchana nilisoma chuo, saa 12 jioni nikaingia kazini, saa 8 usiku nikatoka. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyapata gazetini. Niliyaona kila usiku kwa siku 42.

Siku ya kwanza ilikuwa Aprili 7. Niliona watu wameketi kando ya njia na viti vya kukunja, mablanketi na masanduku ya barafu, nikadhani ni wale wasio na makazi, maana Hollywood ya miaka ile walijaa. Kisha nikamwona mmoja amevaa joho la kahawia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mkononi ana upanga wa plastiki unaowaka kijani. Nikamwuliza mwenzangu wa kazi, Mmexico mmoja mtu mzima, wale wanangoja nini.

"Star Wars," akanijibu.

"Inaanza saa ngapi?"

"Mei 19."

Msomaji ambaye hakuwepo inabidi aelewe kiu ile. Star Wars ya kwanza ilitoka Mei 25, 1977. Ya tatu, Return of the Jedi, ilitoka Mei 25, 1983. Baada ya hapo kimya, miaka 16. George Lucas hakurudi kusimulia yaliyofuata. Aliahidi kurudi nyuma, aeleze jinsi mtoto mtumwa wa jangwani aitwaye Anakin Skywalker alivyogeuka kuwa Darth Vader, yule mwenye kofia nyeusi na pumzi za kutisha. Yeye mwenyewe alikuwa hajaketi kwenye kiti cha mwongozaji tangu ile ya 1977. Mashabiki mwisho wanaujua, wanautaka mwanzo. Ni kama mtu aliyemjua babu yake akiwa mzee mkali, halafu siku moja akaambiwa ipo picha ya babu akiwa na miaka tisa, anacheka.

Novemba 1998, trela ya kwanza ilipotoka, niliona kwa macho yangu watu wakilipa tiketi ya filamu nyingine, wakatazama trela ile ya dakika mbili, wakainuka na kwenda zao kabla filamu waliyoilipia haijaanza. Walionilipa maegesho ya saa tatu walirudi baada ya nusu saa.

Mimi nami nilikuwa na sababu yangu ya kuvutwa na foleni ile. Nimekulia Pangani, Nairobi. Katikati ya miaka ya 80 kaka yangu alinipeleka mjini kutazama Return of the Jedi. Kuna mahali ambapo rubani mdogo mwenye mashavu yanayoning'inia, Nien Nunb, ameketi kando ya Lando, rubani mkuu, ndani ya chombo na kuzungumza. Watazamaji wa Marekani na Ulaya walisikia lugha ya sayari ya mbali. Sisi tulisikia Kikuyu. Ukumbi mzima ulilipuka. Nyuma yetu alikuwepo nyanya mmoja aliyekuja na wajukuu, na alianza kumjibu yule rubani kwa sauti, kama aliyekutana na jirani sokoni. Baadaye tulijua kwamba sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko California, katika eneo la San Francisco, na kwamba alichanganya Kikalenjin na Kikuyu. Tangu siku ile hadithi hii sikuiona tena kuwa ya wenyewe peke yao. Mtu wetu alikuwa kwenye usukani.

Foleni ilikuwa na daftari. Kila mmoja aliandikiwa saa alizokaa, na mwenye saa nyingi alisogea mbele. Wakati huohuo walichangisha pesa kwa ajili ya Starlight, shirika la kuwasaidia watoto wagonjwa, jambo ambalo magazeti yaliyowacheka hayakulitaja sana. Daftari lilishikwa na seremala mmoja kutoka Bakersfield, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye viganja kama mbao za msasa. Usiku mmoja alikuja kibandani kubadilisha noti apate sarafu za simu. Akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Kenya akaniwekea mkono begani. "Ni kweli Nien Nunb anaongea lugha ya kwenu?" Nikamwambia si lugha yangu ya nyumbani, sisi kwetu ni Kiswahili, lakini ukikulia Pangani Kikuyu unakisikia dirishani kila asubuhi. Akanishika mkono akanipeleka kwa wenzake. Usiku ule nilisimulia habari ya yule nyanya wa Nairobi mara nne, na jina langu likaandikwa daftarini.

Nikawa wao. Nikitoka kazini saa 8 usiku nilichukua zamu ya mpaka alfajiri, saa ambazo wengi walizikimbia. Los Angeles mwezi wa nne kuna ubaridi usiku, usidanganywe na picha. Tulijifunika, tukanywa kahawa ya chupa, tukabishana. Upande mmoja wangu alikaa huyo seremala. Alipokuwa mtoto baba yake alimleta kwenye jumba hilihili kuona filamu ya kwanza, na alinionyesha uani mahali ambapo Darth Vader na wale roboti wawili, C-3PO na R2-D2, waliacha alama za miguu yao mwezi Agosti 1977. Upande wa pili alikaa mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Riverside, aliyezijua zile filamu tatu kwa moyo ingawa alizitazama kwenye kanda za video sebuleni kwao. Niliwaona kama mtu na mdogo wake.

Mei 4 santuri ya muziki wa John Williams ilianza kuuzwa, na ikaleta msiba mdogo. Nyuma ya kasha, katika orodha ya nyimbo, jina la wimbo mmoja lilitangaza wazi kwamba Qui-Gon, mhusika wa Liam Neeson, anakufa. Mtu alirudi foleni na kasha lile, na watu waliokuwa wamekaa pale mwezi mzima waliziba masikio, wengine wakakimbia mpaka ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi wa Riverside alisoma bila kukusudia. Alikaa chini ukutani akalia. Sikumwona kuwa mjinga. Nimeona watu wazima wakilia kwa mabao ya mpira.

Wahakiki nao walianza kuandika kabla ya siku, na wengi walikuwa wakali. Roger Ebert wa Chicago alikuwa miongoni mwa walioisifu; aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Sisi tulibandika makala yake ukutani kwa gundi ya karatasi, zile nyingine tukazitupa.

Usiku wa Mei 18 niliomba ruhusa kazini. Onyesho lilikuwa saa 6 na dakika moja, yaani siku ya 19 ilipoingia tu. Ndani ya ukumbi ule mwekundu taa zilipozimwa, ngoma za 20th Century Fox zilipigwa na sikuzisikia, kwa jinsi watu walivyopiga kelele. Jina la filamu likatokea. Seremala alinishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma. Yakaanza kupanda yale maandishi ya manjano angani. Tukasoma habari ya mgogoro wa kodi kwenye njia za biashara. Nakumbuka vizuri kimya cha wakati ule. Watu walikuwa wamelala barabarani siku 42, na jambo la kwanza walilopewa ni kodi.

Kisha filamu ikaendelea, na ukumbi ukaanza kugawanyika taratibu. Gizani nilikuwa nasikia ukigawanyika. Jar Jar Binks alipoingia na masikio yake marefu, akijikwaa kila hatua, vicheko vilikuja kutoka safu za mbele tu. Mashindano ya mbio za jangwani yalipoanza, wote tukawa mwili mmoja tena. Vyombo vile vilipita kwa mngurumo uliotikisa viti. Kati ya umati ule mkubwa wa uwanjani, wengi walikuwa vijiti vya pamba vya kusafishia masikio vilivyopakwa rangi na kupangwa kwenye kielelezo kidogo. Nilipokuja kujua hivyo nilifurahi zaidi, sikupungukiwa. Darth Maul, adui wa Qui-Gon, alipowasha upanga wake, kwanza upande mmoja na kisha wa pili, mwanafunzi alisimama juu ya kiti. Nyuma ya pambano lile kwaya ilikuwa ikiimba kwa Kisanskriti.

Lakini kuna tukio moja dogo nililoliona likimwumiza jirani yangu wa kushoto. Qui-Gon anachukua tone la damu ya mtoto Anakin, analituma lipimwe, na majibu yanarudi kwamba viumbe vidogo mno viitwavyo midiklorian vimezidi 20,000. Ndivyo vinavyompa mtu ule uwezo unaoitwa Nguvu. Seremala aliachia mkono wangu. Aliniambia baadaye kwamba utotoni, baada ya kutoka ukumbi huuhuu na baba yake, alikuwa akikaa jikoni na kunyoosha mkono kuelekea kikombe, ajaribu kukisogeza bila kukigusa. Alijaribu mwaka mzima. Mzee wa filamu zile za kwanza alikuwa amefundisha kwamba Nguvu imo katika kila kitu na anayejituliza ataisikia. "Sasa naambiwa nilipaswa kupima damu," akasema. Hakuwa anatania.

Mimi jambo langu lilikuwa jingine, na sikulisema. Anakin na mama yake, Shmi, ni watumwa. Mtaa wao wa jangwani ulipigwa picha kusini mwa Tunisia, kwenye maghala ya kale ya nafaka ya Waberber, na mji wa Tataouine wa huko ndio uliozaa jina la sayari yenyewe. Nilizitambua zile kuta za udongo. Ni Afrika ile. Qui-Gon anacheza kamari kwenye mashindano ili awakomboe, anampata mtoto, mama anabaki. Mtoto anaondoka na mzigo mgongoni, anafika hatua kadhaa, anarudi mbio kumkumbatia mama. Naye mama, aliyeigizwa na Pernilla August wa Uswidi kwa utulivu ambao sijausahau, anamwambia aende na asitazame nyuma. Miaka minne kabla ya usiku ule mama yangu mzazi alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, akasimama kwenye kizuizi na leso yake begani. Mlangoni nilitazama nyuma. Alikuwa ameshageuka, na hadi leo naamini aligeuka makusudi. Kwa hiyo kwenye ukumbi ule, watu wakingoja mapanga, mimi nilikuwa nafuta machozi kwa kiganja.

Tulitoka saa 8 na robo usiku. Njia ya miguu ilijaa watu waliotaka kujua. "Vipi? Vipi?" Sijapata kusikia maswali mafupi yakijibiwa kwa namna nyingi hivyo. Wapo waliorukaruka na kupigana mapanga ya plastiki mpaka katikati ya barabara. Wapo waliosema nzuri, kwa sauti ya mtu anayejihakikishia. Mwanamke mmoja niliyefanya naye zamu tatu alisema tumeibiwa, akavua joho, akalikunja vizuri kama anayekunja shuka ya mgonjwa, akalitia kwenye mfuko wake wa mkononi. Mwanafunzi wa Riverside alikuwa analia tena, safari hii kwa furaha. Alipomwona seremala amenyamaza alimwambia, "Umezeeka tu." Seremala akamjibu, "Wewe hukuwepo." Watu hawa wawili walikuwa wamegawana blanketi moja tangu Aprili. Sikuwaona wakizungumza tena.

Siku zilizofuata mgogoro ule ulienea mji mzima. Siku ya kwanza peke yake filamu iliingiza dola milioni 28.5, na mwisho wa safari yake ya kwanza duniani ilifika dola milioni 924, kwa hiyo waliolalamika walirudi kuitazama pia. Kwa kinyozi wetu kule Inglewood, mahali ambapo hakuna aliyelala foleni, ubishi ulikuwa mzito kuliko wa midiklorian. Wazee Wamarekani weusi walisema mwendo na matamshi ya Jar Jar yanawakumbusha maonyesho ya zamani, ya Wazungu waliojipaka masizi usoni wakawaigiza watu weusi kuwa ni mabwege. Profesa Patricia J. Williams aliandika hoja ya aina hiyo katika jarida la The Nation mwaka huohuo. Wengine walitaja wale wafanyabiashara wenye lafudhi ya Asia, na Watto, mfanyabiashara mwenye pua ndefu. Lucas alikana yote. Kinyozi mwenyewe alisema watoto wake wanampenda Jar Jar, nao ni weusi, basi awaambie nini? Mimi naona wazee wale walisikia sawasawa. Sauti ile ilikuwa na historia ambayo watengenezaji walipaswa kuisikia kabla ya kuipeleka duniani. Lakini pale kinyozini wachache sana, na mimi sikuwa mmoja wao, walijua kwamba aliyekuwa ndani ya Jar Jar ni kijana mweusi wa miaka ishirini na kitu, Ahmed Best, aliyekuwa akicheza katika onyesho la Stomp, lile la kupiga ngoma kwa mifagio na mapipa, na kwamba hii ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza kwenye filamu.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu. Alikuwa na miaka minane. Nililipa tiketi mbili za mchana, nikanunua bisi, na badala ya kutazama filamu nikamtazama yeye. Alicheka mpaka bisi zikamwagika pale ulimi wa Jar Jar ulipokufa ganzi mbele ya injini za Anakin. Wakati wa mashindano aliinama na kila kona. Qui-Gon alipochomwa upanga aliniuliza kwa mnong'ono, "Mjomba, ataamka?" Nikamwambia hapana. Akafikiri kidogo, akasema basi mwanafunzi wake, Obi-Wan, atamlea Anakin, na akarudi kwenye bisi zake. Wiki nzima ile, dada yangu alinipigia simu akilalamika kwamba mtoto anajaribu kuchukua matunda mezani kwa ulimi. Mtoto yule hakuwahi kungoja miaka 16. Kwake hadithi ilianzia hapo.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayopenda kuikwepa. Pale maegesho, wateja waliotoka sinema walikuwa wakicheka waigizaji, nami nikajifunza kuwachekesha. Nilimwigiza yule mtoto aliyecheza Anakin, Jake Lloyd, nikisema maneno yake kwa sauti kavu, na nilimwigiza Jar Jar kwa mwendo, nikizunguka magari. Watu walicheka, wakaniongezea dola moja moja. Niliyasahau machozi yangu ya Mei 19. Hakuna aliyekuwa akimzungumzia yule mama aliyeachwa utumwani. Katika mabishano yote niliyoyasikia mwaka ule sikumsikia hata mmoja akiuliza habari zake, na mimi niliyekuwa na la kusema nilichagua kuchekesha. Ilikuwa rahisi kusimama upande wa wanaocheka.

Mwaka uliofuata filamu ilipewa nafasi tatu kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, zote za ufundi, na zote zilichukuliwa na The Matrix, iliyotoka wiki saba kabla yake. Mwaka 2001 yule seremala alinitafuta kibandani na kanda ya VHS ndani ya bahasha. Ilikuwa ni ile nakala iliyozunguka California mkono kwa mkono, iliyohaririwa na shabiki mmoja aliyeipunguza filamu kwa dakika kama 20 na kumkatakata Jar Jar. Seremala aliniambia ameitazama mara sita, na sasa ndiyo filamu. Nilimwuliza kama midiklorian wamo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Nilimwonea huruma na kumheshimu vilevile. Mtu hashindi akichambua fremu baada ya fremu kitu ambacho hakipendi.

Mwaka huohuo wa 2001 Jake Lloyd aliacha kuigiza. Alikuwa na miaka 12. Baadaye alieleza kwamba wanafunzi wenzake walimfanyia maisha magumu shuleni, wakimwigizia mlio wa upanga wa nuru kila akipita. Niliposoma hayo niliyajua yale maigizo yalivyo. Niliyafanya mimi, mtu mzima wa miaka thelathini, kwa dola moja.

La Ahmed Best lilichelewa zaidi. Julai 2018 alitoa picha yake na mwanawe mdogo, wamesimama darajani New York, akaandika kwamba kejeli na mashambulizi ya wakati ule yalimfikisha mahali ambapo alikaribia kujitoa uhai, na daraja lile ndipo mahali penyewe. Nilikuwa nimeketi jikoni kwangu, nimestaafu kazi za usiku, nina chai mbele yangu. Nilisoma mara tatu. Kwa miaka 19 nilikuwa nimeamini kwamba Jar Jar ni katuni ya kompyuta, na ukiicheka katuni hakuna anayeumia. Mle ndani alikuwemo mtu aliyevaa mavazi na kichwa bandia, aliyetembea mbele ya Liam Neeson na wenzake kwenye joto la Tunisia ili wapate wa kumtazama. Sina namba yake wala anwani. Ningekuwa nayo ningemwandikia kwamba nilikuwa mmoja wa waliocheka, nilipokea pesa, na najuta.

Aprili 2019, kwenye mkutano wa mashabiki uliofanyika Chicago, Ahmed Best alipanda jukwaani katika maadhimisho ya miaka 20 ya filamu, na ukumbi wote ukasimama kumpigia makofi. Machi 2023 alirudi kwenye mfululizo wa The Mandalorian, uso wake wazi safari hii, akiwa Jedi anayemwokoa mtoto Grogu kutoka kwenye hekalu linaloteketea. Mpwa wangu alinipigia simu usiku uleule. "Mjomba, umeona? Ni yeye!"

Filamu ilirudishwa kumbi za sinema Mei 3, 2024, kutimiza miaka 25. Mpwa wangu, wakati huo mtu wa miaka 33, alininunulia tiketi, akaja na binti yake wa miaka saba. Ukumbi ulijaa watu wa umri wake. Nilizoea kusikia watu wakiguna kwenye hotuba za Seneti ya filamu ile. Hawa walizitamka pamoja na waigizaji, neno kwa neno, kwa furaha. Kwenye mashindano yule binti aliinama na kila kona, vilevile kama baba yake. Yale yote yaliyowagawa watu niliowajua hayakuwagawa hawa. Sitasema kwamba filamu ilikuwa kamilifu. Mazungumzo yake ni mazito, hadithi inazungukazunguka kabla ya kupata njia, na yale waliyoyasema wazee wa Inglewood bado ni kweli. Hata hivyo ni filamu nzuri kuliko nilivyothubutu kusema mwaka 1999, na hilo nilipaswa kulisema palepale barabarani, saa 8 na robo, watu walipouliza.

Tulipofika pale mtoto anapomuaga mama yake, yule binti alinivuta shati.

"Babu, mbona hawamchukui na mama?"

Nilimwambia nami nimejiuliza hivyohivyo. Akangoja jibu. Nikamwambia sijalipata, na kwamba nilipokuwa kijana mama yangu aliachwa uwanja wa ndege hivyohivyo. Alinishika mkono, akaendelea kutazama.

Majina yalipoanza kupanda watu hawakuondoka. Walipiga makofi jina la Jake Lloyd lilipotokea, wakapiga lilipotokea la Pernilla August. La Ahmed Best lilipofika walisimama, na mimi nikasimama nao, magoti yakiniuma, nikapiga makofi mpaka jina likatoka juu ya pazia.